Kampuni imekataa kulipa bima ya maisha ikidai marehemu alidanganya kwenye fomu: namna ya kupinga

Swali ni lile lile, liwe limetoka Mbagala, Kimara au Tegeta: "Marehemu alikuwa na bima ya maisha, alikatwa kila mwezi, sasa kampuni imetuandikia kwamba hailipi kwa sababu alificha ugonjwa alipojaza fomu. Tufanyeje?" Wengi wanaouliza huwa wameshaiweka barua kabatini, wakiamini mambo yamekwisha. Nimeandika haya kwa ajili ya mjane, mtoto mkubwa au ndugu aliyeachiwa jukumu hilo na familia, ili awe na pa kuanzia.

Ile barua ya kukataa ni maneno ya upande mmoja tu. Kampuni inayosema marehemu alidanganya inapaswa kuonyesha mambo matatu: aliulizwa nini, alijibu nini, na siku aliyojibu alikuwa anajua nini. Familia nyingi huenda ofisini kulia na kueleza jinsi ada zilivyolipwa bila kukosa. Wana haki ya kulia, lakini wanarudi nyumbani bila hata moja kati ya hayo matatu kuguswa.

Sheria kidogo tu

Anayeomba bima anatakiwa kusema ukweli kuhusu mambo muhimu. Jambo muhimu ni lile ambalo kampuni ingelijua, huenda ingekataa kumkatia bima au ingepandisha ada. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, katika vifungu vya 17 hadi 19, inatenganisha udanganyifu wa makusudi na maelezo yasiyo sahihi yaliyotolewa bila nia mbaya. Yote mawili yanaweza kumpa aliyepotoshwa nafasi ya kuukana mkataba. Lakini kifungu cha 19 kinasema pia kwamba maelezo ambayo hayakusababisha mtu akubali mkataba hayaubatilishi. Tena, kama ni maelezo yasiyo sahihi au kunyamaza, aliyekuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida hawezi kujitoa. Shika hayo mawili, utayahitaji kwenye barua.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Barua ya kukataa yenyewe. Kama mlijibiwa kwa simu au kwa mdomo, bado hamjakataliwa kwa namna mnayoweza kuipinga. Ombeni maandishi.
- Hati ya bima, au chochote kinachoonyesha namba yake.
- Ushahidi wa malipo: hati za mshahara zenye makato, taarifa za benki, meseji za malipo ya simu.
- Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi.
- Kama kifo kilitokana na ajali, ripoti ya polisi na ripoti ya uchunguzi wa mwili.
- Kadi zote za kliniki, vyeti vya dawa na majibu ya vipimo mnavyoweza kuvipata nyumbani. Msitupe hata kile mnachodhani kinawaumiza.
- Kitambulisho cha mnufaika aliyetajwa kwenye bima. Kama hakutajwa mtu, au aliyetajwa naye amefariki, mtahitaji msimamizi wa mirathi: kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kisha mahakamani. Kwa Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha Mahakama pale Temeke kinashughulikia mirathi.
- Daftari moja. Kila simu na kila ziara, andika tarehe, jina la mliyeongea naye na alichosema.

Hatua ya 1: Usisaini, usipokee

Naanza na hili kwa sababu linaharibu kesi nyingi kuliko uongo wowote wa kwenye fomu. Kampuni ikikataa fidia, mara nyingi hujitolea kurudisha ada zilizolipwa. Pamoja na hundi huja karatasi ya kusaini, na ndani yake kuna maneno ya kwamba umepokea malipo ya mwisho na huna dai jingine lolote. Ukishasaini hiyo, umefunga mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Kama shida za nyumbani zinakulazimisha kupokea, andika juu ya karatasi kabla ya sahihi: "Napokea marejesho ya ada bila kuacha haki yangu ya kudai fidia." Wakikataa maneno hayo, ondoka na karatasi bila kuisaini. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kuirudisha.

Tahadhari nyingine inahusu wachunguzi wa kampuni. Hawa huja mapema, wakati mwingine matanga hayajaanuliwa. Ni watu wapole, watakaa mkekani na kutoa pole, kisha watauliza: "Mzee alikuwa anasumbuliwa na nini?" Shangazi atajibu, "Sukari, ya siku nyingi," na sentensi hiyo itakuja kusomwa kwenye barua ya kukataa. Mteueni mtu mmoja tu wa kuzungumza nao. Aseme ukweli, aseme tu anachokijua mwenyewe, na asisaini maelezo ambayo hajayasoma hadi mwisho.

Hatua ya 2: Jua ni bima ya aina gani

Bima aliyoikata mtu mwenyewe kupitia wakala huwa na fomu ndefu ya maswali ya afya. Bima ya kundi ya kazini ni tofauti: mara nyingi mwajiri hupeleka orodha ya majina, na wafanyakazi hawaulizwi chochote kuhusu afya hadi kiwango fulani cha fidia. Bima ya mkopo wa benki nayo huwa na tamko fupi la afya njema lililofichwa katikati ya makaratasi ya mkopo, ambalo mkopaji husaini dakika ile ile anaposubiri pesa yake.

Ukiambiwa marehemu alidanganya kwenye bima ya kundi, uliza kwanza: alidanganya kwenye fomu ipi? Huenda hakuna fomu aliyoijaza kabisa. Na kama ni bima ya mkopo, iandikie benki siku hiyo hiyo kuomba isianze kudai mkopo kwa familia wakati mgogoro wa bima unaendelea. Si lazima wakubali, ila barua hiyo itakusaidia baadaye.

Hatua ya 3: Omba nyaraka kwa maandishi

Peleka barua ofisini kwao, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Iwe fupi:

"Rejea barua yenu ya tarehe ... kuhusu bima namba ... Naomba: (a) nakala kamili ya fomu ya maombi aliyoijaza marehemu, pamoja na viambatisho vyote, (b) nakala ya mkataba mzima wa bima, (c) swali na jibu mnalodai si la kweli, kwa namba yake kwenye fomu, (d) nakala ya kila ushahidi mnaoutegemea, ikiwa ni pamoja na taarifa za hospitali na maelezo ya mashahidi, (e) ripoti ya daktari wenu, kama alipimwa kabla ya kukatiwa bima. Naomba kupatiwa ndani ya siku 14."

Usieleze kisa chako kwenye barua hii wala usibishane nao. Familia zinazoandika kurasa nne za malalamiko kabla ya kuiona fomu hujikuta zimekiri mambo ambayo kampuni haikuwa hata na ushahidi nayo.

Hatua ya 4: Soma fomu, swali kwa swali

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kaa mezani, si kwenye daladala, na usome na mtu mwingine.

Tazama mwandiko kwanza. Je, ni wa marehemu? Mara nyingi fomu hujazwa na wakala, mteja anasaini chini. Wakala ana haraka, analipwa kwa kila bima anayouza, na kuna wanaoweka "Hapana" kwenye kila kisanduku cha afya kabla hata ya kuuliza. Linganisha na mwandiko wa marehemu kwenye daftari lake au kwenye barua za kazini. Kama kuna mtu aliyekuwepo wakala alipokuja, aandike alichokiona na kukisikia sasa hivi, kabla kumbukumbu hazijafifia. Sahihi ya marehemu bado ina uzito, usijidanganye. Lakini kama marehemu alimwambia wakala kwamba ana presha na wakala akaandika "Hapana", huo si uongo wa marehemu, na wakala huyo alikuwa anauza kwa jina la kampuni. Dalali ni habari nyingine, kwa kuwa kwa kawaida yeye humwakilisha mteja. Angalia muhuri kwenye fomu ujue aliyejaza ni nani kati ya hao wawili.

Kisha soma maneno ya swali lenyewe. "Je, umewahi kulazwa hospitali katika miaka mitano iliyopita?" si sawa na "Je, umewahi kuugua?" Mtu aliyetibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo amejibu kweli akisema hakuwahi kulazwa. "Je, una ugonjwa wowote mkubwa?" ni swali lenye giza, maana mkubwa kwa nani? Penye maneno yanayoweza kueleweka kwa namna mbili, kanuni ya zamani ya mikataba humwelemea aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni kampuni. Fomu ikiwa ya Kiingereza na marehemu alikuwa hasomi Kiingereza, liandike hilo pia, na utafute nani alimtafsiria.

Tafuta visanduku vilivyoachwa wazi. Kampuni iliyopokea fomu yenye pengo, ikatoa hati na kuanza kuchukua ada bila kuuliza, iko mahali pabaya kusema baadaye kwamba ilipotoshwa na pengo hilo.

Soma pia tamko la mwisho juu ya sahihi. Likisema "kwa kadiri ya ufahamu wangu", basi kipimo ni alichokijua yeye. Likisema majibu yote ndiyo msingi wa mkataba, kampuni itadai hata kosa dogo linaua bima. Hapo usitegemee hoja ya wakala peke yake, tafuta mwanasheria.

Hatua ya 5: Panga tarehe

Chora mistari miwili kwenye karatasi. Upande wa kushoto weka tarehe za bima: siku fomu iliposainiwa, siku hati ilipotoka, siku ada ya kwanza ilipolipwa, na kama bima iliwahi kukatika na kufufuliwa, siku hiyo pia, kwa sababu kufufua mara nyingi huambatana na tamko jipya la afya. Upande wa kulia weka tarehe za afya: siku ya kwanza alipohisi dalili, siku ya kipimo, siku daktari alipomwambia jina la ugonjwa, siku alipoanza dawa.

Mtu hawezi kuficha asichokijua. Tuseme dereva wa Tandika alisaini fomu Machi, akapimwa na kukutwa na kisukari Agosti, akafariki mwaka uliofuata. Daktari anaweza kuandika kwamba ugonjwa lazima ulikuwepo mwilini tangu zamani. Kitabibu ni sawa. Lakini Machi huyo dereva alikuwa anajua nini? Swali ni hilo. Vivyo hivyo, mtu aliyepimwa presha mara moja kwenye banda la afya la Sabasaba na kuambiwa "iko juu kidogo, punguza chumvi" hajaambiwa kwamba ni mgonjwa wa presha.

Sasa chukua taarifa za hospitali wanazozitegemea, uziangalie bila huruma:

- Je, ni faili la marehemu kweli? Majina yanafanana sana mjini. Linganisha umri, makazi, namba ya simu na jina la ndugu wa karibu.
- Historia ya ugonjwa ilitolewa na nani? Mgonjwa anafikishwa Mwananyamala au Amana usiku, hajitambui, na daktari anamuuliza aliyemleta. Jirani anajibu "ana presha ya muda mrefu", na faili linaandikwa "mgonjwa wa presha kwa miaka 10". Maneno hayo ni ya jirani. Hakuna kipimo nyuma yake, na marehemu hakuyasema.
- Je, kuna faili la zamani linalothibitisha kwamba alitibiwa kabla ya tarehe ya fomu, au kuna sentensi hiyo moja tu?

Nimeweka mkazo hapa kwa makusudi. Sentensi moja iliyoandikwa wodini usiku imewanyima watoto ada ya shule, na familia haikuwahi kuuliza nani aliisema.

Kuna hoja moja ambayo kila familia huileta: "Alikufa kwa ajali ya bodaboda, presha inahusiana nini?" Itumieni, lakini msiitegemee peke yake. Katika sheria ya bima tuliyoirithi kutoka Uingereza, kinachopimwa ni kama jambo lililofichwa lingeathiri uamuzi wa kampuni siku ya kukata bima, hata kama halikusababisha kifo. Kwenye usuluhishi hoja hii ina nguvu kwa sababu ni ya haki. Mahakamani itahitaji wenzake.

Hatua ya 6: Andika pingamizi

Sasa ndiyo mwandike kwa kina. Andika kwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni, siyo kwa karani aliyesaini barua ya kwanza. Kila hoja iwe na namba, na kila hoja iambatane na karatasi. Mfano:

"1. Swali la 7(b) linauliza kuhusu kulazwa. Marehemu hakulazwa kabla ya tarehe ya fomu, na taarifa mliyoambatisha haionyeshi hivyo. 2. Kisukari kiligundulika miezi mitano baada ya fomu. Tazama kiambatisho C. 3. Fomu imejazwa kwa mwandiko wa wakala wenu. Tazama kiambatisho D. 4. Mlikuwa na nafasi ya kumpima na hamkumpima. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Mikataba kinahusika. 5. Hamjaonyesha kwamba mngejua jambo hili mngekataa kumkatia bima. Naomba mnionyeshe mwongozo wenu wa kukubali wateja uliotumika wakati huo."

Hoja ya tano watu huisahau. Kama kampuni huwa inakubali wenye presha kwa kuongeza ada kidogo, basi hata ukweli ungesemwa, bima ingekuwepo. Hapo mna msingi wa kuomba angalau walipe fidia na kukata tofauti ya ada.

Ongeza tarehe ya mwisho ya kujibu, na useme wazi kwamba mkishindwana mtakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ameelezwa kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na TIRA

Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ilianzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya migogoro kama huu wenu. Mnaweza kwenda wenyewe bila wakili. Pelekeni barua zote mlizokwisha kuandikiana na kampuni, maana swali la kwanza litakuwa kama mmeshalalamika huko. Ulizeni mapema kuhusu kiwango cha juu cha fedha wanachoweza kuamua na muda wa kupeleka lalamiko.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni na mawakala. Kwao mlalamikie mwenendo: kampuni isiyojibu barua, wakala aliyejaza majibu ya uongo, aliyeuza bima bila leseni.

Tahadhari: msifungue kesi kwanza halafu ndipo mkumbuke usuluhishi. Shauri likishakuwa mahakamani, msitegemee Msuluhishi aliguse.

Hatua ya 8: Mahakama

Sheria ya Ukomo, Sura 89, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba. Usiione ni mingi. Mkataba wenyewe unaweza kuwa na kifungu cha muda mfupi zaidi au cha kupeleka mgogoro kwa mwamuzi kwanza, na mashahidi huhama. Kwa asiye na uwezo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) hutoa msaada wa kisheria hapa Dar.

Ukikwama

*Hatuna hati wala namba ya bima.* Anza na makato. Hati ya mshahara au taarifa ya benki itaonyesha jina la kampuni. Ofisi ya rasilimali watu ina nakala za bima ya kundi.

*Hospitali imekataa kutupa faili.* Andikeni barua rasmi kwa mganga mfawidhi, ambatisheni cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi. Bila ya hiyo ya pili wana sababu ya kukataa.

*Wanategemea majibu ya VVU.* Ulizeni waliyapataje. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu hayo.

*Umri uliandikwa vibaya.* Mikataba mingi ina kifungu cha kurekebisha fidia kulingana na umri sahihi. Kitafuteni kabla ya kukubali kwamba bima yote imekufa.

*Tumesoma mtandaoni kwamba bima ikipita miaka miwili haipingwi.* Huo ni utaratibu wa Marekani, ambako sheria za majimbo zinaweka kipindi hicho kwenye bima za maisha. Kwenu hapa, angalieni kama mkataba wenu una kifungu cha namna hiyo. Ukiwa nacho na muda umepita, kiwe hoja ya kwanza kwenye pingamizi.

*Ukweli ni kwamba alificha.* Alikuwa kliniki ya presha miaka mitatu kabla ya fomu, na mwandiko ni wake. Basi msitafute daktari wa kuwaandikia cheti cha uongo. Kughushi ni kosa la jinai, na mtahamisha tatizo kutoka kwa marehemu kuja kwenu. Bado mnaweza kudai ada zirudishwe, mnaweza kuuliza kama kampuni ilijua na ikaendelea kuchukua ada, na mnaweza kuomba malipo ya hisani.

*Ndugu wanagombea fidia ambayo haijalipwa.* Tafuteni msimamizi mmoja kwanza. Kampuni ikipokea barua mbili zinazopingana kutoka familia moja, itasimamisha kila kitu mpaka mahakama iseme.

*Mtu amejitolea "kutufuatilia" kwa asilimia.* Mwombeni kitambulisho cha uwakili au leseni. Akisema ana mtu wake ndani ya kampuni, msimpe nyaraka halisi wala msimsainie chochote.